Herufi nzuri, alama chache: kutafuta kasoro kwenye Scrabble ya Lubumbashi

Mtu akiweka neno la alama 12 kwa herufi ambazo zingempa 66, husema mfuko umemkataa. Mara nyingi mfuko hauna kosa. Kasoro iko kwenye macho, kwenye hesabu, au kwenye sanduku lenyewe, na kila moja ina dalili yake.

Maelezo haya ni ya mchezaji wa Lubumbashi mwenye sanduku la Kifaransa, ambaye leo anacheza kwa Kifaransa klabuni na kesho kwa Kiswahili nyumbani, Katuba au Kamalondo. Lugha hizi mbili hazitafutwi kwa njia moja. Neno la Kifaransa hushikwa mkia. Neno la Kiswahili hushikwa kwa silabi, na kama ni kitenzi hushikwa kichwa. Anayechanganya njia hizo mbili ataumia hata kama anajua maneno mengi.

Dalili: S haiji mchezo mzima, au mfuko unaisha mapema

Anza na sanduku kabla ya kujilaumu. Mwaga vipande vyote na uvipange juu ya ubao, kipande kimoja kila mraba. Ubao una mistari 15 ya miraba 15. Sanduku kamili la Kifaransa lina vipande 102, kwa hiyo mistari sita inajaa na wa saba unapata 12. Ukipungukiwa, tafuta kilichopotea: E 15, A 9, I 8, kisha N, O, R, S, T na U 6 kila moja, L 5, D 3, M 3. B, C, F, G, H, P na V ni mbili mbili. J, K, Q, W, X, Y na Z ni moja moja. Jokeri, yaani vipande vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote, ni mbili, na hazina alama.

Ukipata vipande 100 na W mbili, Y mbili, lakini S nne tu, hujapoteza kitu: hilo ni sanduku la Kiingereza. Likague hasa kama limeingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. E zake ni 12 na O ni 8, na K ina alama 5 badala ya 10. Kucheza Kifaransa nalo ni kujitafutia njaa ya S, kwa sababu wingi na vitenzi vya Kifaransa vinaila herufi hiyo kila zamu. Kwa Kiswahili, ajabu ni kwamba sanduku hilo la Kiingereza linafaa kuliko la Kifaransa. Tutalirudia.

E moja ikipotea, chezeni tu, ila kila mtu ajue. S au jokeri ikipotea, chukua kipande kutoka sanduku lililokufa la aina ileile. Usikate katoni: vidole vitaitambua ndani ya mfuko. Kwa sababu hiyohiyo mfuko ushikwe juu ya usawa wa macho wakati wa kuchota, kwani hata herufi iliyochongwa kwenye kipande inaweza kusomwa kwa kidole na mtu mwenye subira.

Dalili: herufi unaziona, neno hulioni

Hii ndiyo malalamiko makubwa, na ina sababu nne ambazo hazitibiwi kwa dawa moja.

Ya kwanza ni kwamba unazisoma herufi kwa mpangilio zilioingia nao. Jicho likishaona RNC hapo kwenye kibao, kile cha kushikia herufi zako saba, linakataa kuona kitu kingine. Changanya vipande kwa mkono kila sekunde 15 au 20, hata kama huna wazo. Vokali ziweke kushoto, konsonanti kulia, kisha uvunje mpangilio huo pia.

Ya pili ni sikio. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtu aliyekulia ndani yake hutafuta neno la Kifaransa kwa sauti. Kifaransa hakimsaidii. OISEAU hutamkwa kama “wazo”, na katika herufi zake sita hakuna W wala Z. TERRIL, kile kilima cha mabaki ya madini ambacho kila mtoto wa Lubumbashi anakijua kwa macho, watu wengi hulitamka bila L, kwa hiyo mwenye L mkononi halioni. Dawa yake ni kuandika. Neno lolote linalokupita, liandike mara tatu kwa herufi kubwa bila kulitamka.

Ya tatu ni alama za juu. Kwenye Scrabble ya Kifaransa É, È na Ê zote ni E, Â ni A, Ç ni C. Ubongo unaosubiri alama hizo unapita juu ya CRANE bila kuona fuvu. Ukiacha kuzisubiri, herufi tano A, C, E, N, R zinakupa ANCRE, CANER, CARNE, CERNA, CRANE, ECRAN, NACRE na RANCE. Maneno manane kwa herufi tano, bila hata S.

Ya nne, na ndiyo nzito, ni kuanza upande usiofaa.

Kifaransa kina mikia michache inayorudi kila siku: ER, EZ, ENT, AIT, AIS, ANT, ION, AGE, EUR, IER, AIN, IES, na S yenyewe. Toa mkia, uuweke kulia kabisa mwa kibao, kisha uangalie kilichobaki tu. Chukua E, E, I, N, R, S, T. Ukiweka S mwishoni, zinabaki herufi za ENTIER na INERTE, kwa hiyo una ENTIERS na INERTES. Ukiweka IER, inabaki E, N, S, T: SENTIER. Ukiweka IES, inabaki E, N, R, T: TERNIES. Ukiweka IENS, inabaki E, R, T: RETIENS. Mikia minne, maneno matano ya herufi saba. Anayezitazama herufi zote saba kwa pamoja kwa kawaida anaona ENTIERS peke yake, tena siku njema.

Kwa mazoezi ya nyumbani, chagua shina la herufi sita na uliongezee herufi moja moja. Shina zuri la kuanzia ni ANIMER, ambalo ni pia MANIER, MARINE na MINERA. Ongeza A: ANIMERA, MANIERA. Ongeza E: MANIERE, MENERAI. Ongeza G: GERMAIN. Ongeza L: LAMINER, MINERAL. Ongeza O: MORAINE, ROMAINE. Ongeza T: MARTIEN, MATINER. Ongeza I upate MINERAI, neno ambalo mji huu hauna udhuru wa kulikosa. Shina moja kwa wiki linatosha. Wanaojaribu kumeza orodha ya mashina 20 kwa usiku mmoja huyachanganya wakati saa inapokimbia.

Kiswahili kinataka kazi nyingine. Karibu kila neno linaishia kwa vokali, kwa hiyo mkia haukuambii kitu. Shika silabi, na ujaribu mambo matatu kwa zamu.

Kwanza, hamisha silabi nzima bila kuzivunja. KA, RI, BU: KARIBU. Zigeuze: KABURI. Zigeuze tena: BUKARI, ugali wa hapa. Mgeni, kaburi na chakula cha mchana vimekaa kwenye kibao kimoja. DAMU na MUDA ni hivyohivyo.

Pili, acha vokali mahali pake na uhamishe konsonanti. HABARI ina vokali a-a-i. Badilisha H na B, ni BAHARI. SAFARI ina a-a-i. Zungusha konsonanti, ni FARASI. SAMAKI nayo ina a-a-i. Badilisha S na K, ni KAMASI, samahani kwa wanaokula. SAUTI inatoa TAUSI kwa njia hiyohiyo. Unaweza pia kugeuza: konsonanti zikae, vokali zihame, na MUDA uliyoipata kwenye DAMU haikuwa ya mwisho, ipo DUMA.

Tatu, unganisha S na H. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu herufi mbili zilizo mbalimbali katika neno la kwanza zinakuwa sauti moja katika la pili. HASIRA ina H mwanzoni na S katikati; ziunganishe upate ISHARA. RAHISI inakuwa SHAIRI. Ukiwa na H mkononi, kila mara jaribu SH na CH kabla ya kuiacha isimame peke yake. Vivyo hivyo N pamoja na Y, na N pamoja na G.

RAFIKI na FIKIRA huonekana kama vinakataa njia hizi, lakini ni ile ya kwanza tu: RA, FI, KI ikizungushwa ni FI, KI, RA. Maneno yanayokataa njia zote tatu hujifunzwa kwa moyo tu.

Dalili: neno umeliona, alama ni kidogo

Hapa tatizo si msamiati. Umeridhika na anagramu ya kwanza, yaani neno la kwanza kati ya yale yanayotoka kwenye herufi zilezile.

Zamu ya kwanza inaonyesha vizuri. Kwenye anwani ya mraba, herufi ni mstari wa mlalo na namba ni safu ya wima. Mstari wa H, yaani wa katikati, una bluu hafifu (herufi mara mbili) kwenye H4 na H12, na waridi ya katikati kwenye H8 inayozidisha neno zima mara mbili. Neno la herufi tano likianza H4 linafika H8 sawasawa. Weka NACRE hapo: N inazidishwa, jumla 8, mara mbili ni 16. Weka CRANE hapo: C ya alama 3 ndiyo inayozidishwa, jumla 10, mara mbili ni 20. Herufi zilezile tano, mahali palepale.

Sasa fanya hivyo na K ya alama 10. KARIBU ikianza H4 ni 20 + 1 + 1 + 1 + 3 + 1, yaani 27, mara mbili 54. KABURI nayo ni 54. BUKARI ikianza H4 inazidisha B tu: 20, mara mbili 40. Kuivuta nyuma ili K ikae H4 haiwezekani, kwa sababu neno litaanza H2 na kuishia H7, halitagusa katikati. Alama 14 zimeanguka kwa kupanga silabi vibaya.

Kanuni ya kukumbuka kwa neno la herufi saba kwenye zamu ya kwanza: herufi ya nne haiwezi kufika bluu. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinaweza kukaa H4. Ya tano, ya sita na ya saba zinaweza kukaa H12. Ya katikati haina njia. Kwa hiyo kati ya anagramu mbili, chagua ile ambayo herufi yake ghali iko mbali na kati. ENTIERS na ndugu zake hazina herufi ghali, hivyo yoyote kati yao inayogusa bluu hupata 66: herufi saba pamoja na moja iliyoongezwa na bluu ni 8, mara mbili 16, na bonasi ya 50 ya kumaliza kibao.

Umeme ukikatika na mkacheza kwa mshumaa, nyekundu na waridi hufanana, na bluu mbili hufanana zaidi. Ndiyo maana inafaa kuijua miraba kwa anwani yake badala ya rangi. Makosa ya hesabu ya usiku ni mengi kuliko watu wanavyokiri.

Dalili: K, W, X, Y, Z, J au Q imelala kwenye kibao zamu nne

Unaisubirishia neno kubwa. Acha. Kwa Kifaransa jifunze maneno mafupi kwanza: KA, WU, XI, EX, AY, JE, QI. Q bila U ina pia COQ na CINQ. Z haina neno la herufi mbili, lakini mkia EZ unaitoa karibu kila mara.

Faida ya maneno haya iko kwenye kona ya maneno mawili. X ikikaa kwenye bluu iliyokolea (herufi mara tatu) huku ikifanya XI kwa mlalo na EX kwa wima, inahesabiwa mara mbili: 31 na 31, jumla 62, kwa kipande kimoja kutoka mkononi. Kwenye bluu hafifu ni 42. K yenye A kulia na A chini, KA na KA, inatoa hesabu hiyohiyo. J kwa njia hiyo, na E pande zote mbili, ni 50 kwenye bluu iliyokolea. Ukiwa na herufi ya alama 10, zungusha macho kwenye bluu zilizokaribiana na vokali kabla ya kufikiria kitu kingine. Hii inachukua sekunde 20.

Dalili: vokali tupu, au konsonanti tupu

Kwa vokali, Kifaransa kina EAU, AIE, EUE, OUIE, na OISEAU inayomaliza vokali tano kwa S moja. Kiswahili kina UA, OA, na kama mmekubaliana kuruhusu vitenzi kamili, hata AIUE, kwa mfano lugha ambayo mtu anataka aiue. Kwa konsonanti, Kifaransa kina BRR, PST na PFFT. Kiswahili hapa kina nguvu kwa sababu M na N husimama bila vokali mwanzoni: MTU, MTI, NCHI, na MBWA, ambayo kwa sanduku la Kifaransa ni alama 16.

Kama hakuna kinachotoka, badilisha herufi. Inaruhusiwa mradi mfuko una vipande visivyopungua saba, na unapoteza zamu. Watu huona aibu kubadilisha. Lakini zamu tatu za alama 6 ni hasara kuliko zamu moja ya sifuri inayofuatwa na kibao kizuri.

Dalili: scrabble unayo, haikai popote

Scrabble, yaani neno linalomaliza herufi zako zote saba, haina thamani bila mahali. Kabla ya kutafuta neno, angalia ubao una milango gani: neno linaloweza kupokea S mwishoni, herufi iliyo wazi ambayo itakuwa ya nane yako, mstari mtupu unaoenda sambamba na neno lililopo. Kisha chagua anagramu inayoingia mlangoni. Kama mlango ni neno linalopokea S, unahitaji anagramu ambayo S yake iko mahali panapogusa. SENTIER ina S mwanzoni na RETIENS ina S mwishoni, kwa hiyo moja inashuka kutoka kwenye mlango na nyingine inaishia hapo. Kwa P, A, R, T, I, E, S ni hivyohivyo: PARTIES, PATRIES na PIRATES zina S mwishoni, lakini PIASTRE ina S katikati kabisa, na mara moja kwa mwezi hiyo ndiyo inayoingia.

Dalili: neno linakataliwa

Kwa Kifaransa mwamuzi ni L'Officiel du Scrabble, kitabu cha Larousse kilichotoka mara ya kwanza 1990. Toleo la tisa ndilo linalotumika tangu 1 Januari 2024. Nakala ya zamani haina maneno mapya, na ina mengine yaliyoondolewa, hivyo kabla ya kuanza semeni ni toleo lipi liko mezani. Majina ya mahali hayakubaliwi: LIKASI na KOLWEZI hazipiti, hata kama Z na K zinavutia.

Dalili: mchezo wa Kiswahili unaishia kwa ugomvi

Sababu ni kwamba sanduku halikutengenezwa kwa lugha hii. K ni moja, na Kiswahili kinaihitaji kila mahali: ki-, ku-, -ka-. W na Y ni moja moja, kila moja alama 10, na neno WA tu linakupa 11 kabla ya rangi yoyote. E ziko 15 wakati A, ambayo ndiyo mkate wa Kiswahili, ziko 9. Q na X hazina kazi. Matokeo yake ni kwamba aliyechota K na W ndiye anayeshinda, na wengine wanajua hivyo.

Rekebisheni hivi. Chukueni kalamu ya wino usiofutika na mwandike kwenye uso wa vipande: X iwe K ya pili, Q iwe W ya pili, E nne ziwe A. Sasa A ni 13 na E ni 11. Msibandike karatasi, itasikika kwa vidole. Alama nazo zishuke: K ihesabiwe 2, W na Y 3, Z 4. Kuhusu C, ambayo haisimami bila H, tunaona ni bora isomwe CH peke yake, ili H mbili mlizo nazo zibaki kwa HABARI na HASIRA. Ubao utaonekana wa ajabu kwa mgeni, lakini mchezo utaenda. Mwenye sanduku la Kiingereza amepata nusu ya dawa tayari: W mbili, Y mbili, E chache.

Kisha kubalianeni ni Kiswahili kipi. Hili liandikwe juu ya karatasi ya alama kabla ya kuchota kipande cha kwanza. Kama ni sanifu, tumieni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza ni la 1981, na chakula cha mchana kitaitwa UGALI, alama 6 kwa sanduku ambalo halijarekebishwa. Kama ni Kiswahili cha hapa, kitaitwa BUKARI, alama 17. Chakula ni kilekile. Kiswahili cha Lubumbashi kina faida nyingine ambayo wachezaji hawaitumii vya kutosha: husema BATOTO na BANTU pale sanifu inaposema watoto na watu. Sanduku la Kifaransa lina W moja na B mbili. Anayeruhusiwa kutumia BA- amefunguliwa mlango ambao mwenye WA- amefungiwa. Upande wa pili, MUTOTO inadai U ambayo MTOTO haiihitaji. Kinachoharibu meza ni kuruhusu vyote viwili pasipo kusema, mtu akachukua BATOTO zamu hii na MTOTO zamu ijayo.

Jambo la tatu ni vitenzi. Mkiruhusu kitenzi kamili, chenye nafsi na wakati, scrabble zitamiminika. Tazama A, A, A, I, K, P, T. Shika kichwa: weka A ya nafsi mwanzoni, A ya mwisho mwishoni, kisha jaribu TA, KA na KI katikati. A-TA-PIKA. A-KA-PITA. A-KI-PATA. A-TA-KI-PA. Badilisha nafsi: I-TA-PAKA, KI-TA-PAA. Sita, na zipo nyingine. Kwa alama za awali za sanduku la Kifaransa, zamu ya kwanza, ATAPIKA ikianza H7 inaweka K kwenye H12 na kupata 106. AKAPITA na AKIPATA zikianza H3 zinapata 106. ATAKIPA ina K katikati kabisa, herufi ya nne, na haiwezi kuzidi 92, kwa P kukaa H12.

Kwa kuwa vitenzi ni rahisi namna hii, bonasi ya 50 ni kubwa mno kwa Kiswahili. Ishusheni iwe 30, au mruhusu nafsi na wakati bila kitendwa katikati, hivyo ATAKIPA ianguke na ATAPIKA ibaki. Sisi tunapenda njia ya pili. Inaacha bonasi iwe tamu na inapunguza mabishano juu ya maneno kama ATAKIPITISHIA.

Dalili: klabuni unashinda, mezani unashindwa, au kinyume chake

Duplikati, mtindo wa klabuni uliobuniwa na Mbelgiji Hippolyte Wouters mwanzoni mwa miaka ya 1970, huwapa wachezaji wote herufi zilezile. Neno lenye alama nyingi kuliko yote ndilo linalowekwa kwenye kila ubao, na kila mtu huhesabiwa alama za neno lake. Hakuna cha kutunza kwa zamu ijayo. Pia katika zamu 15 za mwanzo mchoto lazima uwe na angalau vokali mbili na konsonanti mbili, kwa hiyo kibao cha vokali saba hakikupati.

Mezani, mmoja dhidi ya mmoja, ni kinyume. Unachoacha kwenye kibao ndicho utakachochezea. Aliyezoea duplikati hutoa S na jokeri kwa alama 4 za ziada, kisha hubaki na U, U, V. Kipimo chetu: S isitoke kwa faida ya chini ya alama 10, na jokeri isitoke chini ya 25, isipokuwa mfuko umekaribia kwisha. Aliyezoea meza naye akienda klabuni hutunza herufi ambazo hazitamrudia alama yoyote. Kabla ya kuketi, jiulize uko kwenye mchezo upi.

Dalili: saa inakwisha ukiwa bado unatafuta

Dakika tatu zinatosha ukizigawa. Sekunde 20 za kwanza ni za herufi ghali na maneno mafupi. Andika ulichopata, hata kama ni kidogo. Dakika moja na nusu inayofuata ni ya mikia au silabi. Nusu dakika ni ya kujaribu anagramu nyingine za neno ulilopata, kwa ajili ya rangi. Sekunde 40 za mwisho usitafute tena: hesabu alama, zungushia jokeri duara, na uandike anwani. Namba mbele ya herufi, 4H, ni wima. Herufi mbele ya namba, H4, ni mlalo. Karatasi isiyoonyesha neno linakaa wapi inahesabiwa sifuri, hata ikiwa na MINERAI iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.